Sarafu Huchakaa, Hainenepi

Wasikilizaji mlio juu katika milima ya Umatengo na mlio chini katika ufuko wa Ziwa Nyasa, tangu Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, jambo nililo nalo jioni ya leo limekwisha kubisha hodi katika nyumba zetu, na nyumba moja ambayo limeingia ni ya mtu ninayemheshimu kama baba yangu.

Msimu wa kahawa uliopita, siku zile ambazo malipo ya ushirika yamekwisha kumfikia mkulima na madeni ya dukani yamelipwa, alifika kwa mzee huyo, katika vijiji vya juu vya Mbinga, kijana mmoja mgeni mwenye mavazi ya kawaida na maneno laini, akaamkia shikamoo, akapewa kiti barazani, akakaa muda mrefu akiulizia mvua na mahindi kabla hajafungua mfuko aliokuja nao. Ndani ya mfuko mlikuwa na chungu chenye udongo wa kufukuliwa, na ndani ya chungu mlikuwa na rupia 40 za Mjerumani, nyeusi nyeusi kwa kukaa ardhini. Babu yake mzaa baba, alieleza, alikuwa mpagazi wa Wajerumani pale Liuli, na vita vya mwaka 1914 vilipozuka alizika mshahara wake karibu na ziwa asirudi tena kuufukua. Sasa ukoo umekiona chungu, na kwa kuwa nyumbani kuna mgonjwa, wamekubaliana wauze. Mzee akasita. Yule kijana, badala ya kumhimiza, akamwambia, “Babu, mimi sina haraka. Chukua hii moja, ipeleke Songea kwa sonara yeyote umtakaye wewe, ukiridhika ndipo tuzungumze.”

Mzee akaenda Songea, sonara akaisugua, akaitia dawa, akaipima, akasema ni fedha halisi. Wiki ya pili kijana akarudi, fedha za kahawa zikahesabiwa juu ya mkeka, na chungu kikabaki. Miezi mitatu baadaye, mjukuu wa mzee alipozipeleka zote kuuzwa, ilibainika kwamba iliyokuwa fedha ni ile ile moja iliyokwenda Songea mara ya kwanza, na zile 39 zilikuwa shaba ya manjano iliyopakwa ngozi nyembamba ya fedha na kufukizwa hata ikawa nyeusi.

Nataka tutulie hapa kidogo, kwa sababu wengi walioisikia habari hii walitikisa vichwa na kusema mzee alikuwa na tamaa, au kwamba sonara alikula njama, na mimi nasema wamewadhulumu wote wawili. Sonara aliulizwa habari ya sarafu moja, akaijibu kwa haki. Mzee naye alifanya yale ambayo mtu mwangalifu angeyafanya, yaani hakununua kabla ya kupima. Kosa lilikuwa mahali padogo sana: sarafu iliyopimwa aliichagua mwuzaji. Laiti mzee angefumba macho, akatia mkono ndani ya chungu, akatoa tano kutoka chini, akaziongeza juu ya ile aliyopewa, hila yote ingekatika pale pale barazani. Hila hii ni kongwe, na wachimbaji wa yakuti wa Tunduru wanaijua vyema, maana huko nako jiwe la kwanza linalotolewa mfukoni ni la kweli, na vioo na mawe ya kiwandani hufuata nyuma yake.

Tena mtazame jinsi hadithi ile ilivyojengwa kwa mambo ya kweli. Liuli wakati wa Wajerumani iliitwa Sphinxhafen, kwa ajili ya mwamba ule unaofanana na sanamu ya Misri ya simba mwenye kichwa cha mtu, kama vile Manda ilivyoitwa Wiedhafen. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza iitwayo Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, iliikuta hapo meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaifyatulia mzinga. Na nahodha wa Kijerumani, Berndt, ambaye habari ya vita ilikuwa haijamfikia, alikuja kwa mashua amekasirika kumwuliza Rhoades, rafiki yake wa zamani, amepatwa na nini, akajikuta ni mateka. Ni kweli pia kwamba rupia ziliingia vijijini kwetu kwa wingi, kwa kuwa Mjerumani aliwatoza watu kodi ya nyumba ya rupia 3 kwa mwaka, na neno hela tunalolitumia kila siku ni urithi wa sarafu yake ndogo. Basi mtu anayezijua habari hizi, na wazee wetu wanazijua, husikia katika maneno ya mgeni sauti ya babu zake mwenyewe, moyo ukamtulia. Lakini ukweli wa vita vya Liuli hauthibitishi chochote juu ya kile kilichomo chunguni. Mwuzaji wa bidhaa ghushi, kabla ya kuuza madini, huuza hadithi, na anayelipia hadithi amekwisha kulipa.

Fedha, wasikilizaji, hupimwa. Lugha yetu yenyewe inatukumbusha jambo hili, kwa kuwa neno fedha, tulilolipokea kutoka Kiarabu, latumika kwa madini meupe na kwa mali ya kununulia kwa pamoja, na sababu yake ni kwamba kwa karne nyingi vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja: sarafu ilikuwa ni kipande cha madini chenye uzito unaojulikana, na picha ya mfalme juu yake ilikuwa muhuri tu wa kuuthibitisha uzito huo. Huko Pwani na Unguja wakia moja ilikuwa ndiyo uzito wa reale moja ya Maria Theresa, na wakia 16 zikafanya ratili. Na rupia, iliyotujia kutoka Bara Hindi kabla Mjerumani hajaipiga chapa yake, ilikuwa na uzito wa tola moja, yaani gramu 11.66, hata masonara wa Kihindi waliitumia kama jiwe la mizani. Mjerumani alipoanza kutoa rupia zake mwaka 1890 hakuthubutu kuubadili uzito huo, kwa sababu wafanyabiashara wasingezipokea. Kwa hiyo rupia ya fedha ya Mjerumani, iwe ile ya awali ya kampuni yenye simba na mti, au ile ya serikali iliyotolewa kuanzia 1904 hadi 1914, ina gramu 11.66, upana wa karibu milimita 30, na katika kila sehemu 12 za uzito wake 11 ni fedha na moja ni shaba. Ukiletewa rupia ya fedha ya Mjerumani yenye mwaka wa kabla ya 1890 au wa baada ya 1914, usihangaike kuipima, mrudishie mwenyewe.

Sasa kupima uzito ni jambo jepesi siku hizi, kwa maana zile mizani ndogo za betri ambazo wanunuzi wa dhahabu wa Mpepo huzitia mfukoni hazina bei ya kumshinda mtu anayetaka kununua sarafu 40. Ipime kila moja peke yake. Rupia iliyotembea mikononi mwa watu itakuwa imepungua, 11.5, 11.4, pengine chini ya hapo kidogo, na jambo hilo lisikutishe, kwa kuwa sarafu huchakaa. Bali ikizidi 11.66 kwa kiasi cha kuonekana, iogope, maana sarafu hainenepi. Na sarafu 40 za kale zikikupa uzito mmoja ule ule bila tofauti ya hata nukta, ziogope vilevile, kwa kuwa zimetoka katika kalibu moja siku moja, nazo hazikupata kutembea popote.

Uzito peke yake, hata hivyo, hautoshi, na hapa ndipo mghushi stadi anapomshinda mnunuzi mvivu. Kila madini yana ujazo wake kwa uzito wake: sentimita moja ya ujazo ya fedha safi ina gramu 10.49, shaba nyekundu 8.96, shaba ya manjano karibu 8.5, chuma 7.87, na risasi 11.34. Mghushi akitumia shaba ya manjano kwa upana na unene wa rupia halisi, kipande chake kitakuwa na gramu zipatazo 9.6 tu, na mizani itamfichua. Akitaka kufikia 11.66 hana budi kukifanya kinene zaidi. Kwa hiyo pangilia kumi za mashaka juu ya meza, pangilia na kumi ulizo na hakika nazo kando yake, uangalie vichwa vya minara hiyo miwili. Mwenye hila zaidi huchanganya risasi na bati mpaka uzito na unene vikubaliane, lakini huyo naye ana aibu yake: risasi na bati ni laini, hukwaruzwa kwa msumari bila nguvu, na zikidondoshwa juu ya jiwe hutoa sauti bubu kama ya kifuniko cha chupa kilichojaa udongo, ilhali fedha hulia mlio mrefu mwembamba ambao sikio likiusikia mara moja halitausahau.

Kipimo ambacho mimi nakitukuza kuliko vyote ni cha maji, nacho hakihitaji dawa wala sumu. Watu wa kale walisimulia habari ya Archimedes Mgiriki na taji la mfalme. Wataalamu wa Kiislamu wakalichukua jambo hilo wakalifanya kuwa elimu kamili, na mwaka 1121 al-Khazini alimaliza kitabu chake kiitwacho Mizani ya Hekima, ambamo alieleza namna ya kuyabaini madini halisi na yaliyochanganywa kwa kuyapima hewani na kisha majini. Namna yake ni hii. Weka glasi ya maji juu ya mizani, uirudishe mizani kwenye sifuri. Funga sarafu kumi pamoja kwa uzi mwembamba, uziteremshe ndani ya maji zizame zote bila kugusa sakafu ya glasi wala ukingo wake, huku umeshika uzi mkononi. Mizani itapanda kidogo, na kiasi kinachopanda ndicho ujazo wa sarafu zako. Kwa rupia kumi halisi, zenye gramu 116.6, mizani itapanda kiasi cha gramu 11.3. Zikiwa ni za shaba ya manjano zenye uzito uo huo, itapanda hadi karibu 13.7, zikiwa ni risasi tupu, itapanda 10.3 tu. Nimelifanya jambo hili mezani pangu kwa glasi ya chai na uzi wa kushonea, na mtoto wa darasa la sita aliyekuwa karibu alilifahamu upesi kuliko mimi nilivyolifahamu mara ya kwanza.

Watu wengi huishika sumaku wakidhani wamepata hakimu. Sumaku ni shahidi mmoja tu, tena wa mambo machache: ikivuta, basi si fedha, isipovuta, hujaambiwa lolote, kwa kuwa shaba haivutwi, risasi haivutwi, na bati halivutwi. Tindikali ya sonara nayo ni shahidi mwema, lakini huona ngozi haioni moyo, na sarafu iliyopakwa fedha nene itapita mtihani huo kwa heshima, isipokuwa kama sonara ameikwaruza kwa tupa kwanza; na ninyi mlio nyumbani msithubutu kuichezea tindikali hiyo, maana hula ngozi na mvuke wake hudhuru mapafu. Mashine za kisasa zinazopiga mwali na kutaja majina ya madini zina udhaifu kama huo huo, kwamba kwa fedha hazioni mbali chini ya uso.

Haya yote yanazidi uzito tunapokuja kwenye mikuo, yaani vile vipande vya fedha vilivyomiminwa kama matofali, ambavyo vimeanza kuzungushwa mikononi tangu bei ya fedha duniani ilipopanda na wakia moja ikavuka dola 50 za Marekani mwaka 2025. Mkuo hauna mfalme wala mwaka wala mti, una muhuri tu, na muhuri huchongwa. Ndani ya mkuo mnaweza kumiminwa risasi na nje pakawa fedha ya kweli iliyo nene, hata ukikata pembe ukaipeleka kwa sonara atakuapia kuwa ni safi. Mkuo wa kilo moja wa fedha safi ukizamishwa hupandisha mizani gramu 95. Wa shaba hupandisha 112. Wa risasi 88. Tena utobolewe kwa keekee mahali patatu, pamoja na katikati kabisa, kwa chaguo lako wewe. Mwuzaji akikataa keekee, mazungumzo yamekwisha. Na mwulize pia anapima kwa wakia gani, kwa sababu wakia ya wauza fedha wa dunia ni gramu 31.1, na ile ya madukani ni gramu 28.35, na mtu anaweza kukuuzia ndogo kwa bei ya kubwa bila kughushi kitu chochote isipokuwa hesabu.

Kuna tena udanganyifu usiohitaji kalibu, unaotegemea majina. Shilingi za Afrika Mashariki zenye kichwa cha Mfalme George, zilizotolewa kuanzia 1921 hadi 1946, zina fedha robo tu, na zile za kuanzia 1948 hazina fedha kabisa. Lakini huuzwa vijijini kama “shilingi za fedha” kwa bei ya rupia. Rupia za India zilizotoka kuanzia 1940 zilipunguzwa hadi nusu, na za 1947 ni nikeli. Zile hela 20 za Tabora za mwaka 1916, zilizopigwa kwa shaba wakati Mjerumani amezingirwa, zimewahi kumpendeza mtu akadhani ni dhahabu, kwa sababu mwaka ule ule na mji ule ule zilitoka rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo. Reale ya Maria Theresa imeandikwa 1780 hata kama imepigwa chapa Vienna katika karne ya ishirini, kwa hiyo fedha yake ni ya kweli lakini umri anaokutoza mwuzaji huenda si wa kweli. Na ipo shaba iliyochanganywa na nikeli na zinki, ambayo Wazungu waliiita “fedha ya Kijerumani” kwa kuwa Wajerumani ndio walioitengeneza kwa biashara mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, na ndani yake hamna fedha hata chembe. Mkisikia jina hilo ufukoni kwetu, ambako kila kitu cha kale huitwa cha Mjerumani, shikeni mifuko yenu.

Kuhusu sheria nitasema machache. Mkoa wetu ni wa makaa ya mawe ya Ngaka, wa yakuti, na wa dhahabu ya wachimbaji wadogo. Fedha ya Tanzania aghalabu hutoka pamoja na dhahabu, na zamani, hadi mwaka 1960, ilitoka pamoja na risasi katika mgodi wa Mpanda. Mtu akikwambia mkuo wake umetoka mgodini, basi huo ni madini, na madini hayauzwi barazani: yana leseni zake, na tangu mwaka 2019 yamejengewa masoko, nasi tunayo Songea na Tunduru. Mwuzaji mwaminifu hatachukia ukimwambia mkutane huko. Na kwa sarafu za urithi, ambazo mtu anaweza kuwa nazo kwa haki kabisa, mauzo yafanyike mbele ya mwenyekiti wa kijiji, kitambulisho cha mwuzaji kiandikwe, idadi na uzito wa kila kipande uandikwe, na malipo yapitie kwenye simu ili yaache nyayo. Yule kijana wa chungu alikataa simu, akasema mtandao wa kwao ni dhaifu. Mzee anakumbuka hivyo leo.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niombe nafasi hii. Mzee yule alipotambua alivyofanyiwa, alijiwa na watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wakamshauri azipeleke zile 39 upande wa ziwa, kwenye mnada wa Mbamba Bay au kwa wasafiri wa melini, aziuze kwa bei ya hasara ili arudishe walau nusu. Barabara ya lami sasa inashuka kutoka Mbinga hadi ziwani, walimwambia. Ni safari ya asubuhi moja, na hakuna amjuaye. Nawaambia kwa yakini kwamba hii ndiyo njia inayozipa sarafu hizi uhai wa miaka mingi: kila aliyeumizwa humwumiza mwenziwe, na chungu kile kile huzunguka kutoka baraza hadi baraza kikibadilishiwa babu. Nawasihi, ninyi ambao mmekwisha kununua na mnaona haya kusema, msiziuze tena. Zipelekeni kituo cha polisi, mweleze mlivyozipata, sura ya mtu, siku, na gari aliloshukia, kwa sababu huenda katika kituo hicho yupo jirani yenu aliyekwisha kueleza habari hiyo hiyo.

Mzee alizipeleka zake. Ile moja ya kweli, ya mwaka 1910, yenye herufi J ya kiwanda cha Hamburg, amebaki nayo; nimeipima kwa mkono wangu juzi, ina gramu 11.52.